Sifa za Kipeperushi
Katika vitu vyote vilivyopata kuchapwa, hakuna kilichodhulumiwa sifa kama kipeperushi, yaani ile karatasi moja, pengine iliyokunjwa mara mbili au tatu, ambayo hutolewa bure kwa mtu asiyeiomba. Kitabu hungoja msomaji na gazeti hungoja mnunuzi, lakini kipeperushi humfuata mgeni hadi ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kikamtia mkononi habari za kobe wa Changuu, pomboo wa Kizimkazi na kima punju wa Jozani kabla hajapata kuuliza choo kiko wapi.

Nasaba yake si ya kubezwa. Nduguye mnene, kijitabu kisicho na jalada gumu, Waingereza humwita pamphlet, na jina hilo limetokana na Pamphilus, shairi la mapenzi la Kilatini la karne ya 12, lililopendwa mno Ulaya hata likapewa jina la kudekeza, ambalo baadaye lilirithiwa na maandishi yote mafupi yasiyojalidiwa. Kiswahili, kisichotaka makuu, kilitosheka na kitenzi kupeperusha, kwa kuwa kilikwisha kuona kwamba mwisho wa karatasi hiyo ni upepo. Mwenye shaka na asili hiyo ya mahaba na amtazame papasi, kama wanavyoitwa Unguja vijana wanaowaganda watalii, kwa jina la mdudu mnyonya damu wa jamii ya kupe, jinsi anavyompenda mtu tangu anaposhuka botini Malindi.

Ni kweli kwamba Zanzibar ilijua uchapaji wa heshima zaidi, kwani Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na matbaa iliyotoa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi, vizito kwa uzani na kwa maana; lakini vitabu hivyo vimetulia makabatini, na kipeperushi kingali barabarani kikichuma.

Wala kutosomwa hakukikatizi utumishi. Visiwani, ambako mifuko ya plastiki ilianza kupigwa marufuku mwaka 2006, karatasi yoyote ina soko, na muuza njugu hukisokota kipeperushi mfano wa pembe, akaikunja ncha ya chini isivuje, akakijaza hadi mdomoni. Hapo, njugu zikikaribia kwisha, ndipo kinapopata msomaji wake wa kwanza wa dhati, ambaye hugundua kwamba katika safari ya mashamba ya viungo ya Kizimbani chakula cha mchana hulipiwa mbali.