Sukari ya Uvunguni

Kama nyumbani kwako anakaa mtu anayeamini kila kinachonong'onwa, pamoja na mwingine anayeamini kila kinachotangazwa, na wote wawili wanataka chai saa ileile, basi mimi na wewe tumeshaelewana. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, watoto wamempa jina la Mjomba Inasemekana, maana hana mlango mwingine wa kuingilia kwenye habari. Inasemekana nauli zinapanda. Inasemekana fulani anahamia chama kile. Baba yangu, mwalimu mstaafu asiyekosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, wamemwita Babu Imeshatangazwa. Ukimwambia kunanyesha, atakuuliza kama Mamlaka ya Hali ya Hewa imeshatangaza, na matone yanamdondokea begani.

Katikati yao yupo mke wangu, Mama Risiti, ambaye kopo lake la maziwa ya unga limejaa karatasi za kila alichonunua tangu tuoane. Yupo mama mkwe, Bibi Nani Kakwambia, ambaye swali lake ndilo hilo hilo, asubuhi na jioni, kwa mkubwa na mdogo. Yupo binti yangu mkubwa, kidato cha tatu, na yupo kitindamimba wetu, Kasuku. Huyu haelewi anachokisikia ila anakifikisha kama kilivyo, na sauti ya mwenyewe humo humo.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilipoadimika, nyumba yangu iligawanyika hata kabla ya duka la Mangi kuishiwa. Mzee, baba yangu, alisimama upande wa mvua. Alikuwa na hoja, na nitamtetea mbele ya yeyote: zile mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilijaza maji mashamba ya miwa, magari yakashindwa kuingia kubeba, na muwa ulioshiba maji hutoa sukari kidogo. Viwanda vya Kilombero, Mtibwa, Kagera na TPC kule Moshi vinategemea jua ili wakataji waingie shambani. Januari Bodi ya Sukari ikaweka bei kikomo za rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kulingana na eneo. Kwa Mzee hapo mjadala ukawa umefungwa. Imeshatangazwa.

Shida ni kwamba Mangi alikuwa anataka zaidi ya 4,000, tena akikupimia huku anaangalia barabarani.

"Mvua gani hiyo inayopandisha bei usiku mmoja?" Shemeji aliuliza, kijiko kikiwa hewani. "Sukari ipo. Wakubwa wameifungia."

"Umeiona?" Bibi akauliza kutoka jikoni.

"Inasemekana, Mama."

Basi ikawa hivyo kila jioni. Mzee akimwita mzushi, Shemeji anatoa karata yake kubwa, Machi 2021. Anazijua tarehe kama mtu anayehesabu tasbihi: Rais Magufuli hakuonekana hadharani tangu tarehe 27 Februari, tarehe 12 Machi Waziri Mkuu akasema Rais yu mzima na anachapa kazi, tarehe 17 usiku Makamu wa Rais akatangaza msiba. "Siku zile aliyeuliza tu aliitwa msaliti," anasema. Mzee hushusha kijiko, akakaa kimya kidogo, kisha anamjibu, "Na wale wengine uliowazika mwezi uleule, mbona wanahutubia mpaka leo?"

Msinichoke, hapa nataka kukaa kidogo. Wote wawili nawapenda, na muda mrefu nimewatazama wakigombana. Hakuna mjinga kati yao. Baba yangu alikuwa kijana mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera. Ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam iliyomletea sauti ya Mwalimu Nyerere mwanzoni mwa Novemba, ikamweleza nchi imevamiwa na nini kitafanyika, na yaliyosemwa yakawa. Redio ilimwambia kweli siku alipoihitaji kweli kuliko chakula. Shemeji naye siku alipoihitaji, mnong'ono ndio uliotangulia na tangazo likafuata. Kila mmoja amebaki mwaminifu kwa aliyemwambia kweli mara ya kwanza. Ukimtukana mtu kwa sababu ya anachokiamini, humtukani kwa sukari wala kwa mvua. Unamtukana kwa siku ile, na siku ile hawezi kuikana.

Ndiyo maana sina imani na njia ya kumfunga mtu mdomo. Mke wangu aliwahi kumsomea kaka yake Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, kile cha kusambaza taarifa za uongo, faini yake inaanzia milioni tano. Shemeji aliogopa kweli. Akaacha kutuma simuni, akawa anakuja kutuambia sebuleni. Woga wa faini ulimfundisha kunong'ona; kuchunguza alifundishwa na wali.

Maana lazima niwasimulie wali. Mwaka 2017 au karibu na hapo Shemeji alikuja na video: mtu anafinyanga kitonge cha wali, anakitupa chini, kinadunda. Mchele wa plastiki, inasemekana unaingia nchini kwa meli. Mzee akasema kama ungekuwepo mamlaka zingeshatangaza. Sauti zikapanda. Binti yangu, wakati huo yuko shule ya msingi bado, akauliza kwa upole wa mtoto, "Mjomba, ukiona nini utakubali kwamba si plastiki?"

Naomba mlishike swali hilo. Hakumwambia mjomba wake amekosea. Hakumletea tangazo. Alimwomba aseme mwenyewe, mbele yetu, kitakachomtosha. Na Shemeji, kwa kuwa ni muungwana, akafikiri na kujibu: "Upikwe mchele ambao shamba lake tunalijua. Usipodunda, basi ule mwingine ni plastiki. Ukidunda, nitanyamaza."

Mama Risiti alikuwa na mchele wa Kyela, umetumwa na shangazi yake mwenyewe aliyeulima. Ukapikwa. Shemeji akafinyanga kitonge, akakibana sawasawa, akakirusha sakafuni. Kikadunda, kikagonga kabati, kikaishia kwenye kiatu cha Mzee. Akafinyanga kingine. Kikadunda. Watoto nao wakaingia kazini, na kabla mke wangu hajapata neno, chakula cha usiku kilikuwa kinaruka sebule nzima, mpaka juu ya pazia. Kumbe ni wanga. Mchele ukiiva wanga hunata, ukiukandamiza unashikana na kurudi juu kama mpira. Tulilala na mikate, na nilifagia punje za wali chini ya makochi kwa muda mrefu.

Shemeji alinyamaza kama alivyoahidi, lakini uso ulimshuka. Baadaye binti akamsomea habari ya Lagos: Desemba 2016 forodha ya Nigeria ilikamata mifuko 102 iliyoitwa mchele wa plastiki, wataalamu wakaupima, wakakuta si plastiki. Ulikuwa mchele halisi, ila umechafuliwa na bakteria kupita kiasi, haufai kuliwa. Hapo Bibi akatoka jikoni na sahani. "Unaona mwanangu, hukunusa bure. Kuna watu wanatulisha vibaya. Ila si kwa plastiki." Akampakulia.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama mkwe wangu. Ile "Nani kakwambia?" yake haina dharau ndani. Anataka kujua njia habari iliyopitia, na akishaijua anamwachia mtu pa kutokea bila kuvuliwa nguo. Sisi watu wa huku heshima ni nusu ya pumzi. Mtu yuko radhi kushikilia uongo miaka kumi kuliko kuadhirika dakika moja mbele ya shemeji zake. Nyumba ambayo mtu hawezi kusema "hilo sikulijua" na akapewa chai yake kama kawaida, hiyo hakuna atakayebadili mawazo ndani yake, hata umletee ushahidi kwa lori.

Turudi kwenye sukari. Bibi aliamuru kila mmoja alete mtu aliyeona kwa macho yake. Mke wangu akampigia binamu yake aliyeko Turiani, karibu na kiwanda cha Mtibwa, simu ikawekwa sauti ya juu. "Dada, trekta limezama mpaka kwenye tairi, huku ni tope tu." Mzee akatabasamu. Shemeji akampigia rafiki yake, kuli wa Kariakoo. "Kaka, jana nimepanga mifuko mpaka darini, tumeambiwa tusiuze mpaka wiki ijayo." Shemeji akatabasamu. Binti akaandika kwenye daftari pande mbili, tulichokiona na tulichoambiwa, na kwa mara ya kwanza wazee wangu wakakosa cha kupinga, maana mvua ilikuwa kweli na kuficha kulikuwa kweli. Serikali yenyewe ilikuwa inawaonya wafanyabiashara wanaoficha. Mzee alitingisha kichwa taratibu. "Hata hilo lilitangazwa," alisema.

Kumbe wakati sisi tunatafuta mashahidi, Mama Risiti na kaka yake walishanunua mfuko wa kilo 25 na kuusukuma uvunguni mwa kitanda changu. Nilikuwa nalala juu ya ghala. Sikuulizwa, na katika nyumba ile si desturi kuniuliza. Aliyejua na aliyezungumza ni Kasuku. Alitumwa kiberiti kwa Mangi, akasema pale pale mbele ya foleni, kwa sauti ya mama yake kabisa: "Sisi hatuna shida, yetu iko uvunguni."

Jioni mfuko mmoja ulishakuwa kumi. Kesho yake hamsini. Inasemekana, wakasema majirani, yule bwana mpole, yaani mimi, ndiye anayewauzia Wakariakoo.

Mjumbe wa serikali ya mtaa akaja, nyuma yake kina mama na watoto na bodaboda wawili waliokuwa wanapita. Akasimama mlangoni. "Mzee wangu, imeripotiwa kwamba humu ndani kumefichwa sukari nyingi kwa ajili ya ulanguzi."

Baba yangu, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kumhoji kiongozi, alishika fimbo yake na kusimama. "Nani kakwambia?"

Na Shemeji akaruka: "Imetangazwa wapi hiyo, Mjumbe? Tuonyeshe!"

Mke wangu akaleta kopo, akachambua, akatoa risiti: mfuko mmoja, kilo 25, tarehe na bei. Tukamkaribisha Mjumbe chumbani. Niliinua shuka mwenyewe. Bati letu linavuja upande wa miguuni, na kona ya mfuko ilikuwa imelowa ikageuka uji wa kahawia, sisimizi wamepanga mstari kutoka ukutani hadi humo na kurudi, kila mmoja na punje yake. Mjumbe alichuchumaa, akatazama, akanyanyuka bila neno.

Iliyokuwa kavu Bibi akaipima kwa kikombe pale barazani, akawagawia majirani kwa bei ya risiti, senti haikuzidi. Iliyolowa akaipikia kashata za nazi. Mama aliyevumisha ile hamsini alikuwa amejibanza nyuma, kitenge kimefunika nusu ya uso. Sote tulimjua. Bibi akamwita wa kwanza. "Njoo mwanangu. Na hiyo foleni ya kwa Mangi ina kelele, mtu hasikii vizuri." Yule mama akacheka kidogo, akapokea kikombe chake, akakaa kwenye mkeka. Ndiye aliyebaki kusaidia kukata kashata, na ndiye leo anayetupigia hodi kuuliza kwanza kabla hajalisema jambo popote.

Juni mwaka huo ugomvi wa sukari ukafika bungeni Dodoma. Mbunge wa Kisesa, Luhaga Mpina, alimtuhumu Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, kuhusu vibali vya kuagiza sukari nje. Ikaishia kwa mbunge kusimamishwa vikao 15. Siku hiyo Mzee na Shemeji walikaa kiti kimoja, redio katikati yao. Shemeji alisema mbunge kaonewa. Mzee akasema kanuni za Bunge ni kanuni. Kisha Mzee akageuka: "Lakini hebu niambie, ungeona karatasi gani ungekubali kwamba Waziri hana kosa?" Shemeji akazitaja, moja baada ya nyingine, na Mzee akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akasema hata yeye angependa kuziona.

Mke wangu akawakatiza kwamba sukari iliyobaki haitoshi vikombe viwili, wagawane au mmoja aende kwa Mangi. Wakatoka wote wawili, mjadala mikononi, geti wakaliacha wazi, na mimi nikaachiwa mbuzi wa jirani aliyeingia na Kasuku ambaye alikuwa bado hajaogeshwa.