Jinsi ya Kuikondesha Video ya Harusi Bila Kumharibia Bibi Harusi Sura

Kwanza kabisa, usiizipu. Najua mkono unakuwasha, lakini video iliyotoka kwenye simu au kamera imeshabanwa na kamera yenyewe, na zipu haina cha maana cha kubana tena humo. Utasubiri weee, faili la GB 9 litoke likiwa karibu GB 9 zilezile, na juu ya hapo shangazi yako wa Muscat ashindwe kulifungua kwenye simu. Wala usibadilishe jina kutoka .mov kuwa .mp4 ukadhani umefanya kazi. Umebadilisha jina tu, uzito uko palepale. Na kosa kubwa kuliko yote: usiitupe WhatsApp kama video ya kawaida. Itaminywa huko harakaharaka bila wewe kuulizwa chochote, na lesi ya gauni iliyomgharimu bibi harusi pesa na usingizi itageuka uji.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu wanaoogopa hesabu ndio wanaomaliza bando. Uzito wa video ni kiasi cha data kwa kila sekunde, mara sekunde zote. Kamera ikirekodi megabiti 20 kwa sekunde, dakika moja ni megabiti 1,200. Gawanya kwa 8, unapata MB 150. Saa moja ni GB 9. Harusi ya saa nne, pamoja na MC asiyejua kunyamaza, ni GB 36. Ukiishusha hadi megabiti 4 kwa sekunde, saa moja inakuwa GB 1.8, na kwa picha nyingi za ukumbini macho hayatalalamika.

Anayekuahidi kwamba faili litapungua mara tano na hakitapotea chochote anakudanganya. Kubana kusikopoteza kitu kupo, ila faili linalotoka huko ni jitu. Tunachotaka ni kupoteza kile ambacho jicho halikioni. Jicho la binadamu ni kali kwenye mwanga na giza kuliko kwenye tofauti ndogo za rangi, kwa hiyo kodeki, yaani mfumo unaobana video, huhifadhi rangi kwa undani mdogo, na mtazamaji hajui kilichoondoka. Lakini kila ukibana upya, unapoteza tena juu ya ulichokwisha kupoteza. Ndiyo maana kazi yote ianzie kwenye faili la asili, na faili la asili lisifutwe. Hili nalisema kwa uchungu: kuna familia zenye harusi ya mama yao katika nakala moja tu, ile iliyozunguka kwenye makundi ya simu mpaka nyuso hazitambuliki.

Programu utakayoitumia ni HandBrake. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, Eric Petit aliianzisha mwaka 2003, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ipakue handbrake.fr, si kwenye tovuti ya kwanza inayokurukia yenye vitufe vya kijani vinavyopepesa. Fungua video yako, chagua mpangilio wa “Fast 1080p30” kama picha ni ya 1080p, kisha nenda kwenye sehemu ya video. Hapo utakuta mambo mawili yanayoomba uamuzi wako: kuweka kiasi cha data kwa sekunde, au kuweka ubora, yaani “Constant Quality”. Weka ubora.

Sababu yake inaonekana ukumbini penyewe. Bibi harusi akiwa ametulia jukwaani, nyuma yake pazia na maua yasiyotikisika, kodeki haina kazi: inachora picha moja kamili, halafu kwa sekunde kadhaa inaandika tu kilichobadilika, kope zinazopepesa na mkono unaorekebisha shela. Data kidogo inatosha. Ghafla wanaingia akina shangazi wakicheza, vitenge vya aina moja, na mtu anamwaga maua ya karatasi kutoka juu. Kila kipande kinajigeuza kivyake, kila kimoja kinataka kuandikwa upya. Ukiwa umeweka kiasi kilekile cha data mwanzo mpaka mwisho, pazia linapewa data lisiyoihitaji na shangazi anakatwakatwa vibokisi. Ukiweka ubora, programu yenyewe inalipunguzia pazia na kumwongezea shangazi.

Kipimo cha ubora huo ni namba, na hapa ndipo wengi huingia choo kisicho chao. Namba ikishuka, ubora unapanda. Kwa video ya 1080p watengenezaji wa HandBrake wanapendekeza kati ya 20 na 24. Ukishusha namba kwa takriban 6, faili huelekea kuwa mara mbili. Atatokea mtu mwenye mapenzi mema aweke 0 ili bibi harusi apate kilicho bora kabisa, na kompyuta itamtii: itatoa faili kubwa kuliko la mwanzo.

Usichague namba kwa kubahatisha. Tafuta dakika ngumu kuliko zote kwenye video yako, maua yakimwagwa au taa za ukumbi zikizungukazunguka, uibane dakika hiyo peke yake kwa 20, kisha 22, kisha 24. Zitazame kwenye runinga kubwa, si kwenye simu. Angalia mistari ya piko kwenye vidole: bado imejitenga au imekuwa doa? Angalia suti nyeusi ya bwana harusi kwenye kiza: kuna mikunjo ya kitambaa, au ni ubao mweusi wenye miraba? Ukiona kasoro kwenye 24 na huioni kwenye 22, jibu lako ni 22.

Kasi ya kubana nayo ina neno lake. Ukiweka “Slow”, kompyuta itahangaika zaidi na kwa kawaida itakupa faili dogo kwa ubora uleule. Iache ifanye kazi usiku, nawe ulale. Kubana kwa kutumia kadi ya michoro kunakwenda mbio, lakini kwa ubora uleule faili huwa kubwa zaidi.

Kuhusu kodeki: H.264 ni ya mwaka 2003 na inafunguka karibu kila mahali. H.265 ya 2013 inabana zaidi, na AV1 ya 2018 zaidi tena, tena haina ada ya leseni. Ila ukimpelekea babu faili la AV1 kwenye runinga yake ya zamani, ataona kioo cheusi na atakulaumu wewe, na atakuwa na haki. Mpe H.264.

Sauti usiiguse sana. AAC ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula chini ya MB 60 kwa saa nzima, na humo ndimo ilimo khutba ya nikahi na sauti ya bibi akipiga vigelegele. Bibi huyo hamtamrekodi tena katika siku kama ile.

Ukimaliza, tazama mwanzo, katikati na mwisho, uhakikishe midomo inakwenda na maneno. Kisha uitume WhatsApp kama dokumenti, ambako faili la hadi GB 2 linapita bila kuminywa. Na kama bado limezidi, usimpandishie bibi harusi namba hadi 35. Chukua FFmpeg, programu nyingine ya bure iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ukate faili ulilokwisha kulibana bila kulibana upya:

ffmpeg -ss 01:10:00 -i harusi.mp4 -t 00:40:00 -c copy sehemu.mp4

Amri hiyo inachukua dakika 40 kuanzia saa 1 na dakika 10, na kwa kuwa inanakili tu, inakwisha upesi na ubora haupungui. Ikianza sekunde chache kabla ya ulipotaka, ni kawaida. Cha kuacha nje ni utambulisho wa wajumbe wote wa kamati, mmoja baada ya mwingine, pamoja na cheo cha kila mmoja.