Farasi wa Watu

Kazi hii niliipata kwa uongo mdogo. Mzee mmoja mwenye shamba huku Visiga, Kibaha, aliniuliza kama nawajua farasi. Nikamjibu kwamba nimekulia kwa punda, Dodoma vijijini. Hakuona tofauti. "Farasi ni punda aliyechaguliwa kwenda Kibaha Sekondari," alisema, na siku hiyohiyo nikawa saisi.

Wahenga walishaniona: mzoea punda hapandi farasi. Punda ukimgusa kisigino anatafakari kwanza, anaweza kutafakari mpaka adhuhuri. Shangazi, farasi jike wa mzee, ukimgusa kisigino anaondoka. Anayebaki akitafakari ni wewe, tena ukiwa umekaa chini.

Wako wawili, Shangazi na Meja. Mwenyewe hajawahi kumpanda hata mmoja. Jumamosi huja na wageni, huwekewa kiti cha plastiki chini ya mwembe, kisha huniambia, "Waoneshe." Farasi akitembea kwa madaha, mzee huwaeleza wageni jinsi alivyomchagua kwa macho yake mwenyewe. Farasi akinibwaga, mzee huuliza nimemfundisha nini mnyama wake. Nimeshaanguka kwenye mihogo yake, kwenye matuta ya viazi, na mara moja kwenye kiti chenyewe, bahati nzuri mzee alikuwa amekwenda msalani.

Hata lugha ya kazi hii ina mitego. Mwendo ule wa kudundadunda, kati ya kutembea na kwenda shoti, kamusi inauita matiti. Ni neno la heshima zake, la tangu zamani. Nikamsifia mama mwenye nyumba, mbele ya wenzake wa kikoba, kwamba siku hizi matiti ya Shangazi yamekuwa mazuri mno. Chai ile iliisha mapema. Sasa nasema "mwendo wa kati".

Usidhani kwamba farasi ni adimu Pwani kwa sababu ya bei tu. Mwenye mji huku ni mbung'o, na ugonjwa wa nagana anaoueneza haumpi farasi nafasi ya kujitetea. Ndiyo maana misafara ya zamani ilibebwa na vichwa vya wapagazi. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Wote walikufa mapema, kabla safari haijachanganya. Yule wa Sultani alipozikwa Kingaru, chifu wa pale akadai faini ya doti mbili za merikani kwa kuzika bila ruhusa kwenye ardhi yake. Stanley akasema haina shida, atamfukua amwache palepale juu. Chifu akaghairi haraka sana. Unguja walimmaliza mbung'o mwaka 1997, kwa kumwaga kutoka angani madume tasa yaliyofugwa Tanga. Sisi wa bara tuna sindano, na mwenye kushika kichwa cha farasi wakati wa sindano ni mimi.

Sasa ikaja harusi ya mpwa wa mzee, Kisarawe. Mzee aliahidi kwamba bwana harusi ataingia ukumbini juu ya Meja. Fuso lilikodiwa, Meja akalitazama, akakataa. Tukamvuta, tukamsukuma, tukamtangulizia pumba. Akala pumba, akakataa tena. Ikabidi niondoke alfajiri, nimempanda Shangazi, namvuta Meja kwa kamba.

Maili Moja bodaboda wakanizunguka. "Lita ngapi kwa kilomita?" "Mpaka Tumbi bei gani?" Mbele kidogo trafiki akanisimamisha, nadhani kwa kutaka kuona tu. Akazunguka nyuma kama anayetafuta namba ya usajili. Shangazi akainua mkia. Trafiki akarudi mbele mbio, akaniruhusu.

Kiluvya tukaiacha lami ya Barabara ya Morogoro, tukashika njia ya Mpuyani. Malori yalitupita, pikipiki zenye mizigo ya mkaa zilitupita, hakuna aliyeshtuka. Nikaanza kupiga mluzi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini mmoja ulikuwa umenusurika, na ulining'inia kwenye mkorosho mbele yetu. Upepo ukaupuliza. Shangazi akaruka kulia, Meja akavuta kushoto, na mimi sikuwa na akili ya kuiachia kamba. Ule usemi kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba niliusoma shule ya msingi nikidhani ni fumbo. Suruali ilipasuka kuanzia mbele mpaka mkanda wa nyuma, ikatoa mlio. Mguu ukaondoka na kikuku cha kushoto, kikuku kikaondoka na ukanda wake, nami nikatua mchangani chini ya mkorosho.

Mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni akaja, akanitupia khanga, akageuza uso. "Pole, mwanangu," akasema. "Hao farasi wa nani?"

Nikamwambia wa bosi.

"Basi inuka uwatafute."

Shangazi nilimkuta karibu, anakula majani ya mhogo ya watu, nikalipa. Meja nilimkamata saa kumi jioni. Bwana harusi aliingia ukumbini kwa bajaji iliyofungwa riboni, na walionieleza wanasema alipendeza. Sisi watatu tulifika kesho yake asubuhi, mimi nikiwa ndani ya khanga, wakati kamati inarudisha viti.

Kikuku hakijaonekana mpaka leo, na mzee anakikata kwenye mshahara wangu. Kama unapita njia ya Kiluvya kwenda Mpuyani, ukakiona chuma chenye umbo la kengele chini ya mkorosho, tafadhali usiwauzie watu wa chuma chakavu. Shuka Visiga, umuulizie saisi. Khanga ya yule mama pia ninayo, nimeifua.