Taarifa kwa Wazee wa Matemwe Kuhusu Bei ya Bunduki Kuukuu Ughaibuni

Wazee na vijana wa Matemwe wanaarifiwa kwamba huko Marekani, ambako baadhi ya watoto wao wamehamia, bunduki ya kuwindia iliyokwisha kutumika hukadiriwa bei kwa kanuni ambazo fundi yeyote wa pwani ataziona ni za wendawazimu. Muungwana wa Unguja anapotaka kuuza mashua huikwangua, huitia kalfati na kuipaka sifa, na mnunuzi humhesabu kuwa mtu mstaarabu. Lakini Mmarekani aliyeisugua bunduki ya marehemu babu yake hata ikang'aa, kisha akaitia upya ule weusi wa chuma wenye ubuluu unaozuia kutu, huenda akawa ameipunguzia bei hata kwa nusu. Kinachothaminiwa ni rangi ya kiwandani iliyobaki, nayo hupimwa kwa asilimia, na kitabu kiitwacho Blue Book of Gun Values hupanga bei kwa asilimia hizo, kiasi kwamba watu wazima wawili huweza kuinamia mkwaruzo mmoja wakibishania tisini na themanini kwa makini ambayo Matemwe huwekewa mwezi mwandamo tu.

Baada ya kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi, mnunuzi humulika ndani ya mtutu kutazama mifuo, yaani mistari ya mzunguko iliyochongwa humo ili risasi itoke ikizunguka na kwenda sawa, kwa kuwa kutu ya ndani ni aibu isiyofichika. Tundu lililotobolewa baadaye ili kufungia darubini hupunguza bei, na kitako kilichokatwa kwa kuwa mwenyewe alikuwa na mikono mifupi hupunguza zaidi, hivyo ufupi wa marehemu hulipiwa na warithi wake.

Ajabu kubwa ni umri. Bunduki iitwayo Winchester Model 70, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1930, hutafutwa zaidi ikiwa ilitengenezwa kabla ya 1964, kwani mwaka huo kiwanda kilibana gharama, kikabadili kucha kubwa ya chuma iliyoishika risasi tangu inapotoka kwenye kasha la risasi, na nakshi za kitako zilizokuwa zikichongwa zikaanza kugandamizwa kwa mashine. Wawindaji hawajasamehe hadi leo.

Jina la mwenyewe nalo lina bei, mradi liwe na hati. Bunduki ya marisau aina ya Fox, ambayo rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuja nayo Afrika Mashariki katika safari yake ya uwindaji iliyoanzia Mombasa mwaka 1909, iliuzwa mnadani mwaka 2010 kwa dola 862,500. Gobore la mzee aliyeua chui wa Unguja kwa ushahidi wa yeye mwenyewe na jirani aliyekwisha kufariki halitafika huko, na haifai kumwambia hivyo mbele ya wajukuu.

Watoto wa Matemwe walioko Oman wasizibebe kanuni hizi hadi Nizwa. Katika soko la Ijumaa la mji huo huuzwa Martini-Henry, bunduki ya risasi moja moja iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, nazo aghalabu zimevishwa pete za fedha mtutuni. Huko mfua fedha huitwa aipendezeshe bunduki kwa kazi ile ile ambayo Marekani ingewaliza warithi.