Heko kwa Kura ya Turufu

Demokrasia ina washairi wake, amani ina nyimbo zake, hata kahawa imeshapata watu wa kuisifia. Kura ya turufu haina mtu. Naizungumzia ile ambayo kila nchi ya Umoja wa Ulaya inayo katika mambo ya nje, ambayo kwayo mmoja akisema "sitaki", wenzake 26 hukunja makaratasi yao wakaenda kulala. Imetukanwa vya kutosha. Leo niache niitetee.

Kwanza, ni nani mwingine anayemheshimu mnyonge namna hii? Katika Bunge la Ulaya, Malta ina viti 6 na Ujerumani ina 96. Lakini ibara ya 31 ya mkataba wa Umoja huo inataka sera ya nje iamuliwe kwa kauli moja, kwa hiyo kisiwa chenye watu nusu milioni na ushei kinasikika sawasawa na nchi ya watu zaidi ya milioni 80. Kinasikika zaidi, kwa kweli, maana anayekubali hakuna anayemsikiliza.

Ushahidi wangu mkuu ni Cyprus. Agosti 2020 Belarus ilifanya uchaguzi, Alexander Lukashenko akatangazwa mshindi kwa mara ya sita, watu wakajaa barabarani na askari wakawashukia kwa marungu. Haikupita wiki, mawaziri wa nje wa Ulaya wakaafikiana kwamba wahusika wawekewe vikwazo. Kilichobaki ni kuyapitisha majina. Septemba 21 mawaziri wakakutana Brussels, na kiongozi wa upinzani, Sviatlana Tsikhanouskaya, akawa amefunga safari hadi huko kuzungumza nao. Kila kitu tayari. Cyprus ikasema hapana.

Haikuwa na ugomvi wowote na Belarus, wala haikumtetea Lukashenko. Shida yake ilikuwa Uturuki, iliyopeleka meli kutafuta gesi katika maji ambayo Cyprus inasema ni yake. Mkitaka saini yangu ya Minsk, ikasema, nipeni kwanza la Ankara.

Wapo waliopigwa na butwaa. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mahari hakushangaa. Yupo mjomba anayenuna pale pembeni, na hana neno na bwana harusi, tena kijana anampenda. Anadai blanketi lake, na anajua kwamba siku ya kulidai ni hii, wageni wameshakaa na pilau inanukia.

Septemba 29 Uingereza, iliyokwisha kujitoa kwenye Umoja, ikamwekea Lukashenko vikwazo siku moja na Canada. Ulaya ilikuwa bado inambembeleza mjomba. Usiku wa kuamkia Oktoba 2 wakuu wa nchi wakaipa Cyprus maneno ya ukali kiasi kuhusu Uturuki, nayo ikalegeza. Watu 40 wa Belarus wakaingia kwenye orodha. Lukashenko mwenyewe hakuwemo hadi Novemba, na hilo msimsingizie mjomba: Umoja wenyewe ulitaka kumwachia mlango wa mazungumzo.

Kura hii ina fadhila nyingine, ambayo wakubwa hawaitaji hadharani. Turufu ya mdogo inawasitiri. Juni 2017 Ugiriki ilizuia tamko la Umoja kuhusu haki za binadamu nchini China, lililokuwa lisomwe kwenye Baraza la Haki za Binadamu mjini Geneva. Mwaka uliotangulia, kampuni ya Kichina ya COSCO ilikuwa imenunua hisa nyingi za bandari ya Piraeus. Lawama zote zikaishia Athens. Wanaowauzia Wachina magari kwa wingi walisikitika sana, kisha wakaendelea kuuza.

Tena inafundisha adabu za mezani. Desemba 14, 2023, Viktor Orbán wa Hungary alikuwa ameapa kuzuia mazungumzo ya kuipokea Ukraine. Inaripotiwa kwamba Kansela wa Ujerumani, Olaf Scholz, alimshauri atoke kidogo akanywe kahawa. Akatoka, na waliobaki wakapitisha. Usiku uleule, kahawa ikiwa imemkolea, akazuia euro bilioni 50 za msaada kwa Ukraine, zikakwama hadi Februari 1.

Na sisi tusicheke sana. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao unawataka wakuu wa nchi waamue kwa maafikiano. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilisaini mkataba wa biashara na Ulaya hiyohiyo, Tanzania ikagoma, na Kenya ikaishia kujiendea peke yake, mkataba wake ukaanza kazi Julai 2024. Tanzania si nchi ndogo, najua. Turufu haibagui.

Wanaotaka kuizika hawajakosekana. Mwaka 2018 Jean-Claude Juncker, rais wa Kamisheni ya Ulaya, alipendekeza baadhi ya mambo ya nje yaamuliwe kwa wingi wa kura. Naye ni mtoto wa Luxembourg, nchi ndogo kama zipo ndogo. Mwaka 2023 Ujerumani na wenzake kadhaa wakaunda kundi la kulisukuma jambo hilohilo. Mkataba wenyewe unaruhusu mabadiliko hayo, kwa sharti moja tu: wakuu wa nchi zote 27 wayakubali kwa kauli moja.