Sifa za Laga ya Kaharabu

Miongoni mwa vinywaji vilivyonyimwa heshima yake, hakuna kinachostahili utetezi wa kitaalamu kuliko laga ya rangi ya kaharabu inayotengenezwa kwa wingi viwandani Marekani, bia iliyokolea kidogo kuliko bia ya manjano ya kila siku, inayopatikana katika kila baa na kila jokofu la dukani, na ambayo wajuzi huitaja kama wazazi wanavyomtaja mtoto aliyefeli mtihani. Laga ni bia ambayo hamira yake huchachua katika ubaridi na kutuama chini ya pipa, kisha bia yenyewe ikahifadhiwa kwenye baridi kwa majuma kadhaa hadi itulie. Rangi ya kaharabu nayo hutoka katika kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, ambacho hapa hupitishwa katika joto kali zaidi, ingawa vipo viwanda vinavyoona ni afadhali kutia karameli kidogo na kulala mapema.

Wanaoidharau bia hii hawajui nasaba yake. Babu yake ni laga ya Vienna, aliyoizindua Anton Dreher wa Schwechat mwaka 1841, miaka michache baada ya yeye na mwenzake Gabriel Sedlmayr wa Munich kuzuru viwanda vya Uingereza, ambako wageni hao wawili waliwaitikia wenyeji wao kwa adabu zote huku wakichota sampuli kwa siri kwa fimbo ya kutembelea iliyotobolewa ndani. Zipo koo za kifalme zilizoanza kwa wizi mkubwa zaidi. Upande wa Marekani, kiwanda cha Yuengling cha Pottsville, Pennsylvania, kilichoanzishwa mwaka 1829 na kinachohesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote vinavyofanya kazi nchini humo, kiliuvuka wakati wa marufuku ya pombe, kuanzia 1920 hadi 1933, kwa bia isiyolevya na kwa aisikrimu. Mwaka 1987 kikaleta laga yake ya kaharabu, na leo mteja wa baa za Pennsylvania anayeagiza laga bila kutaja jina huletewa hiyo.

Lakini fadhila kuu ya bia hii huonekana mezani pa majaji. Mpango wa Marekani wa kuwaidhinisha majaji wa bia, ujulikanao kwa herufi BJCP na ulioanza mwaka 1985, hutumia karatasi ya alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso wa bia kinywani 5, na tathmini ya jumla 10. Jaji hunusa mara tu bia inapomiminwa, kabla harufu haijaruka, huinua glasi kwenye mwanga, huikumbatia kwa viganja ipate joto kidogo, hunusa tena, kisha huandika. Bia nyingine humrahisishia kazi kwa kelele zake. Hii humtaka athibitishe kwa sentensi kamili kwamba kimea ni hafifu, uchungu wa hopi (yale maua yanayoipa bia ukali wake) ni hafifu, na kwamba uhafifu huo ndio hasa unaotakiwa, kwa kuwa bia hupimwa kwa kanuni za aina yake, wala si kwa tamaa ya mwonjaji. Hakuna mtihani mgumu wa ufasaha kuliko kujaza karatasi nzima juu ya kitu kilichofaulu kwa kutojitokeza.

Hata kasoro zake zina manufaa ya elimu. Mahindi yanayochanganywa humo ili kuipunguzia uzito humfunza mwanagenzi ladha ya nafaka, na chupa ya kijani ikiachwa juani humfunza kemia, kwa sababu mwanga huvunja viungo vya hopi na kuzaa harufu ambayo kila aliyewahi kupita karibu na kicheche ataitambua bila mwalimu.

Watasema wahenga kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba bia hii imejitembeza katika mabango na viwanja vya michezo. Ni kweli, na basi isifiwe kwa miguu yake, kwani imefika kwenye harusi, matanga na mechi ambako bia za wajuzi, zenye majina marefu na bei ndefu zaidi, hazijawahi kualikwa. Tena imefika bila kumlazimisha mtu akatize mazungumzo ili aijadili.

Kwa hayo yote, laga ya kaharabu ya kiwandani iliyohifadhiwa gizani na kunywewa ikiwa baridi inastahili alama 30 kati ya 50, ambazo kwa kipimo cha majaji hao ni daraja la chini kabisa la «nzuri sana», na isiongezewe hata moja, isije ikajisahau.