Mavazi ya Stara Unguja: Yafungashwayo na Yaumbuayo

Kanuni ya mavazi kwa mgeni wa Unguja ni fupi: nguo ifunike mabega, tumbo na magoti, isibane wala isionyeshe mwili. Inawahusu wanawake na wanaume, ingawa baadhi ya wanaume huamini haikuandikwa kwa ajili yao, wakaenda sokoni Darajani kununua maji kifua wazi. Wakazi wengi wa kisiwa ni Waislamu, na Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ungali makazi ya watu. Watoto huenda chuoni, wazee hukaa barazani, na mgeni hupita mbele ya milango yao.

Masaibu mengi huanzia kwenye kioo. Mbele ya kioo msafiri husimama wima, akiwa mkavu, na upepo haupo. Safarini ataketi kwenye daladala, atainama kuvua viatu, atasimama sitahani mwa boti. Sketi iliyofika magotini hupanda hadi mapajani mara anapoketi, na tangu hapo mkoba huwa sehemu ya vazi. Suruali nyeupe ya kitani husifiwa na wote hadi jua la alasiri liipige kwa nyuma, mtaa mzima ukajua rangi ya chupi. Mvua ya masika nayo huigeuza fulana nyeupe kuwa dirisha. Kwa hiyo kila vazi lijaribiwe kabla ya kufungashwa: mvaaji aketi, achuchumae, anyoshe mikono juu, asimame penye mwanga, na atazamwe na ndugu asiye na haya ya kusema kweli.

Anayeogopa sana kukosea huangukia upande wa pili. Hufungasha jinzi nzito na sweta ya shingo ndefu, akafika mwenye stara kamili na kuloa jasho kabla ya saa nne asubuhi. Pamba nyepesi iliyoshonwa pana husitiri na kupitisha hewa, na ndiyo sababu kanzu haimchoshi mvaaji. Viatu viwe vya kuvulika upesi, kwa kuwa huachwa mlangoni. Mwenye buti za kamba hukaribishwa, akakaribishwa tena, chai ikapoa yeye angali anafungua fundo. Akimaliza, soksi hutoa tundu lake hadharani.

Dawa ya mengi ni kanga. Huuzwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, ambavyo mnunuzi hukata na kupinda. Asiyejua hujizungushia doti nzima, akatembea kama mkeka uliokunjwa. Kipande kimoja hufungwa kiunoni, cha pili hutupwa mabegani. Kabla ya kulipa ni vyema kuuliza maana ya jina lililoandikwa juu ya pindo: maneno yaliyokusudiwa kumchoma mke mwenza hayafai kuvaliwa kwa mama mwenye nyumba aliyepika pilau.

Nguo za kuogelea zina mahali pake, nazo ni pwani na bwawa la hoteli. Mpaka huo hupotea kirahisi, kwani mchanga wa hoteli na wa kijiji ni mmoja. Paje na Jambiani maji yakitoka, wanawake huingia kwenye mashamba yao ya mwani wakiwa wamejisitiri, na mgeni aliyefuata kombe hujikuta katikati ya kazi za watu akiwa na vitambaa viwili vidogo. Kanga ya kujifunga ndiyo humwokoa.

Mpangilio wa begi nao una maana. Boti ya kutoka Dar es Salaam hutia nanga Malindi, ukingoni mwa Mji Mkongwe, hivyo abiria akishuka tayari yuko mjini. Kanga, shati la mikono na suruali pana vikae juu kabisa. Aliyevifukia chini hulazimika kupekua begi bandarini, na kabla hajapata cha kujisitiria, wapagazi huwa wameshaziona nguo zake zote za ndani.